Nilifunga taa za LED gereji yangu Bariadi, nikagundua kilichokuwa kinafichwa na zile tyubu za zamani

Wakuu, habari za majukumu. Wasukuma wenzangu, mwadila.

Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauachia hivyo hivyo ulivyo. Yote nitakayosema yametokea kwenye gereji yangu hapa Bariadi, na kama ningetaka kutunga basi ningetunga kitu cha kunipa sifa. Hiki hakinipi sifa yoyote.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni mwanamke, miaka thelathini na sita, na ninamiliki gereji. Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi tumalizane.

Gereji waliianzisha marehemu baba na mdogo wake, mzee Limbu, ambaye kwangu ni Baba Mdogo. Baba alipofariki miaka minne iliyopita, mimi nikabaki na ofisi, makaratasi na kugombana na wateja. Baba Mdogo akabaki na magari. Mimi naweza kubadilisha plagi na kufunga tairi. Zaidi ya hapo ni mdomo tu.

Huku kwetu ukiulizia fundi wa breki na giaboksi utaelekezwa kwa mzee Limbu. Watu wanatoka Maswa, wanatoka Meatu huko, wanapita gereji kibao njiani wanakuja kwake. Akisema gari limepona, limepona.

Kwa hiyo hofu yangu siku zote ilikuwa moja: huyu mzee akiondoka, gereji imekwisha, na mimi sina baba mwingine. Mkilijua hilo mtaelewa kwa nini nilifanya niliyoyafanya.

Tuje kwenye taa.

Gereji yetu ni banda refu la bati, limefungwa pande tatu kwa sababu ya vumbi. Ndani kuna shimo la kukagulia magari, meza ya vifaa na shelfu ya oili. Taa zilikuwa zile tyubu ndefu za futi nne, ziko nane, alizifunga baba enzi zake.

Mnazijua zile. Unawasha, zinaanza kukonyeza kama zinakutongoza. Choki inanguruma. Stata ikigoma mtu anapanda ngazi kuizungusha kwa vidole. Umeme ukishuka kidogo ndiyo haziwaki kabisa. Kati ya nane zilikuwa zinawaka nne, na hizo nne ukishaingia shimoni hazikusaidii chochote.

Fundi wetu wa pili anaitwa Ngassa. Huyu alikuwa anafanya kazi ameng'ata simu mdomoni imewashwa tochi. Siku moja simu ikamponyoka ikazama kwenye beseni la oili chafu. Siku hiyo nikasema basi, tunaweka LED.

Baba Mdogo akakataa.

Mwanzoni nilidhani utani. Akasema, "Mayu," yaani mama, ndivyo anavyoniita, "huo mwanga mweupe unaharibu macho." Nikamwambia mbona hospitali zote wanautumia. Akajibu, "Ndiyo maana wagonjwa huko hawaishi." Tukacheka, yakaisha.

Wiki iliyofuata nikarudia. Akasema zitaleta joto. Nikamweleza kwamba LED haichemki kama anavyofikiri. Akasema zitavuta wadudu. Hapo nilimpa haki yake kidogo, maana mvua zikianza kumbikumbi wa huku hawana adabu.

Mara ya tatu hakuleta sababu yoyote. Alifuta mikono kwa kitambaa, akasema taratibu, "Ukiziweka hizo taa, mimi nakaa nyumbani nachunga mbuzi."

Wakuu, nilishtuka. Mtu kafanya kazi miaka yote hiyo, aache kwa sababu ya taa? Nikajiambia ni uzee. Wazee wetu nao wakishika jambo ni kama fisi na mfupa. Nikapanga kumzunguka.

Nafasi ikaja yenyewe. Alipata msiba upande wa mama yake huko Kimali, akaenda kukaa siku tatu. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeshamwita Doto, fundi wetu wa umeme wa siku zote.

Doto alifanya kazi nzuri, nisimnyime haki yake. Alitoa choki zote na stata zote, kwa sababu LED tulizonunua zilikuwa za kuunganishwa na umeme moja kwa moja. Alikuta waya mmoja panya wameutafuna mpaka shaba inaonekana, akaubadilisha. Ushauri wa bure kwa anayetaka kubadilisha: soma maelekezo ya taa uliyonunua, zima umeme kwenye meni swichi, na mwite mtu anayejua. Usichomeke tu kwa sababu imeingia.

Sasa, ili ngazi ikae vizuri, Doto alisogeza meza na kuishusha shelfu. Vumbi lililotoka pale lingetosha kufyatulia tofali.

Nami nikaona nisipoteze nafasi. Nikafanya usafi.

Hapa lazima niwaambie kitu. Baba Mdogo alikuwa na sheria moja kali: vitu vyake visiguswe. Kila spana ina mahali pake, kila chupa ina mahali pake, na ukichukua kitu urudishe palepale, tena kielekee upande uleule. Ngassa aliwahi kurudisha nyundo upande wa pili wa meza, akasemwa siku nzima. Sisi tuliita unadhifu. Nilikuwa najisifu kwa wateja kwamba mzee wangu ni mtu wa mpangilio.

Lakini mzee hayupo, yuko msibani. Nikazifuta chupa zote, nikazipanga upya: kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, kama duka la dawa. Spana nikazipanga kwa ukubwa. Nilijisikia mjanja sana.

Jioni Doto akawasha. Zikawaka zote nane kwa mpigo, bila kukonyeza, bila kelele. Nilishika mdomo. Ngassa akageuka geuka pale katikati, akasema, "Dada, kumbe ule ukuta ni wa bluu?"

Amefanya kazi mle ndani miaka mitano hajui ukuta una rangi gani.

Siku aliyorudi Baba Mdogo nilijiandaa kwa vita. Nikawasha taa zote, nikasimama karibu na mlango na maneno yangu tayari.

"Mwangaluka, Baba."

"Mwangaluka, mayu."

Akasimama mlangoni. Akauliza, "Doto ameshafunga?"

"Si unaziona?"

"Naziona." Kisha akaongeza, "Zimewaka zote?"

Ngassa alicheka. Mimi nikanuna, nikajua ananikejeli kwa kumzunguka. Taa nane zinawaka juu ya kichwa chako, mchana kweupe hauko hivyo, halafu unauliza kama zimewaka?

Akaingia polepole, mkono ukigusa ukuta. Akafika mezani. Akapitisha vidole juu ya spana, mara akasimama.

"Nani kagusa vitu vyangu?"

Nikasema ni mimi, nilikuwa nasafisha. Nilisubiri anivurumishie maneno, au ageuke aende kwa mbuzi zake. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alivaa ovaroli lake akaanza kazi. Nikajipongeza moyoni kwamba mzee amesalimu amri.

Asubuhi hiyohiyo ikaja Noah ya abiria, ile inayokwenda Mwamapalala. Dereva anaitwa Juma, mteja wetu wa siku nyingi. Breki zilikuwa zinazama. Baba Mdogo akapapasa, akakuta paipu moja inavuja. Ngassa nilikuwa nimemtuma dukani kutafuta bolti za gari lingine, kwa hiyo mzee alifanya peke yake. Akabadilisha paipu, Juma akawa anakanyaga pedali, mzee anatoa upepo na kuongeza brake fluid. Wakamaliza. Pedali ikawa ngumu, nzuri kabisa. Juma akashukuru, akawahi stendi kupakia.

Ngassa akarudi. Akaanza kukusanya vitu mezani. Nikiwa ofisini nikasikia ananiita, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Dada, hii brake fluid mbona haijafunguliwa?"

Alikuwa ameshika chupa, bado ina sili yake.

Nikatoka. Pembeni ya shimo kulikuwa na chupa nyingine, tupu, inalingana na ile kwa umbo na kwa rangi ya plastiki. Chini yake matone. Kwa zile taa mpya matone yalionekana vizuri sana, mekundu.

Ilikuwa oili ya usukani.

Kwa wasio mafundi niwaeleze haraka. Breki zina fluid yake maalumu. Ukiweka oili, ile mipira iliyomo ndani inavimba na kuharibika. Ubaya wake ni kwamba haifi palepale. Unaondoka gereji unashika breki vizuri, unafurahi, halafu siku moja mbele huko una watu kumi ndani, unakanyaga, hakuna kitu.

Na ile chupa ilikuwa mahali pa brake fluid kwa sababu mimi ndiye niliyeipanga pale. Ndogo na ndogo.

Nilimpigia Juma, hapokei. Nikapiga tena. Nikatoka mbio, nikapanda bodaboda ya kwanza niliyoiona, na huko nyuma ya bodaboda nilikuwa namwomba Mungu kwa Kiswahili na Kisukuma.

Noah nimeikuta imeshajaa. Kondakta anafunga mlango. Siti ya mbele amekaa mama ana mtoto mchanga mapajani, amemfunika kwa khanga. Nikaruka, nikasimama mbele ya gari nikiwa nimenyoosha mikono.

Juma akatoa kichwa dirishani. "Dada, kulikoni tena?"

"Fungua boneti."

Akafungua, labda kwa sababu aliona sura yangu. Nikafungua kile kikopo cha brake fluid. Ndani kulikuwa kwekundu kama juisi ya rozela.

Juma ni dereva, anajua. Alikitazama kile kikopo, akamtazama yule mama na mtoto, akakaa chini palepale pembeni ya tairi. Abiria wakaanza kulalamika kwamba wanasubiri usafiri toka asubuhi. Sikuwalaumu. Gari tulilivuta kwa kamba mpaka gereji, na Ngassa baadaye alibadilisha mipira yote na kusafisha mfumo mzima.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona aibu mpaka leo.

Nilirudi gereji na hasira zangu. Baba Mdogo alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, Ngassa ameshamwambia. Nikamsimamia. Mimi, mtoto, nikamsimamia mtu aliyenilea. Nikamwambia mbele ya Ngassa na mbele ya Juma, "Taa zote hizi, Baba. Hata kipofu angeona kwamba ile ni nyekundu."

Baba Mdogo akasema, "Kaa hapa mbele yangu."

Nikakaa kwenye ndoo.

"Sogea kushoto kidogo." Nikasogea. "Tena." Nikasogea tena, kama hatua moja hivi.

"Hapo nimeshakupoteza," akasema.

Sikuelewa. Nilikuwa hapo hapo, ningenyoosha mkono ningemgusa goti. Nikapunga mkono pembeni ya uso wake. Hakuonyesha dalili yoyote.

"Jicho la kushoto lilishazima, mayu. Hili la kulia ninaona kwa ndani ya paipu. Na humo ndani ya paipu napo kuna ukungu."

Nikamuuliza tangu lini.

"Baba yako alikuwa bado yupo."

Wakuu, nikahesabu. Miaka minne na zaidi. Breki zote zile. Giaboksi zote zile. Watu wanatoka Maswa.

Hapo ndipo mambo yote yakaanza kunirudia moja moja. Kwa nini kila spana ina mahali pake. Kwa nini anapitisha kidole gumba kwenye spana kabla hajaitumia. Kwa nini aliacha baiskeli akisema magoti yanauma, na kwa nini anaondoka kazini jua likiwa bado juu akisema hapendi mbu.

Na salamu. Huku kwetu kumpita mtu mzima bila kumsalimia ni kesi. Mama mkwe wake wa Nyalikungu aliwahi kuleta malalamiko mazito kwamba mkwewe alipishana naye sokoni uso kwa uso hata hakuinama. Kilikaa kikao. Baba Mdogo aliomba msamaha, akatozwa mbuzi, akalipa. Kwenye kikao kile chote hakusema hata mara moja kwamba hakumwona. Alikubali aitwe mwenye kiburi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilikuwa nalia, sifichi.

Akasema, "Fundi akisema haoni, nani atamletea gari?" Halafu akasema jambo ambalo silisahau. "Kwenye lile giza lenu, wote tulikuwa tunapapasa. Na katika kupapasa mimi nilikuwa nawazidi nyote. Ulipoleta mwanga, nyie mkaanza kuona, mimi nikabaki peke yangu."

Ngassa alitoka nje. Juma akavua kofia.

Kwa hiyo wale wadudu, lile joto, zile mbuzi, vyote vilikuwa visingizio. Mzee alikuwa anapigania zile tyubu nne zinazokonyeza kwa sababu chini yake hakuna aliyeweza kumgundua. Na mimi niliona ubishi wa uzee.

Kesho yake nilimpeleka kliniki ya macho. Alivaa shati lake la kanisani. Daktari alikuwa dada mmoja mpole, alimpima muda mrefu, akampima tena. Akasema ni presha ya macho. Akatueleza kwamba presha ya macho haiumi, inakula mshipa wa jicho kidogo kidogo kuanzia pembeni, na mshipa ukishakufa haurudi kwa dawa wala kwa upasuaji wala kwa miwani. Jicho la kushoto basi. La kulia wanaweza kulinda hicho kidogo kilichobaki, kwa dawa ya matone kila siku ya maisha yake.

Baba Mdogo akasikiliza yote. Akashukuru, "Wabeja, daktari." Uso mkavu kabisa. Akaanza kuinuka.

Daktari akanitazama mimi. "Wewe ni nani yake?"

Nikasema ni mtoto wa kaka yake.

"Wa damu? Ugonjwa huu unatembea kwenye familia. Kaa hapo nikupime."

Nikacheka kidogo. Nikamwambia mimi naona vizuri, hata sindano natunga. Akasema, "Kila mtu anaona vizuri mpaka siku ile." Nikakaa.

Alinipima presha ya macho, akakunja uso. Akaniweka kwenye mashine nyingine, unatazama katikati na kubonyeza kila ukiona kinuru kidogo kinatokea pembeni. Nilibonyeza. Nilidhani nimebonyeza vyote.

Jicho la kulia, upande wa juu, nimeshapoteza sehemu. Nilikuwa sijui. Nimeendesha gari, nimekatisha barabara, nimepanga chupa, sijui.

Nilipotoka nikamkuta Baba Mdogo kwenye benchi. Nilitaka kumficha, halafu nikajisikiliza mwenyewe: namficha nani, na nimetoka kujifunza nini? Nikamwambia palepale, mbele za watu.

Yule mzee ambaye hakutoa chozi kwa macho yake mwenyewe, aliweka mikono usoni akalia kama mtu aliyefiwa. Alikuwa anasema maneno yaleyale tu, kwa Kisukuma, tena na tena. Kwa Kiswahili ni kama kusema: ningefungua mdomo, ungepimwa mapema.

Na ni kweli.

Ndiyo hivyo wakuu. Baba Mdogo hakuondoka gereji. Anasikiliza injini, anagusa, anatuambia tatizo liko wapi, na mara nyingi yuko sahihi kuliko mashine. Breki hagusi tena, amekubali mwenyewe. Magari aliyoyafanyia breki karibuni nimeyaita yote yarudi kukaguliwa, na wateja nimewaambia ukweli. Wengine wamehama. Wengine wamenishukuru. Jioni tunatiana matone ya dawa, mimi kwake na yeye kwangu, ingawa anayonitia yeye mengi yanaishia shavuni mwangu.

Somo langu si la taa. Taa badilisheni, LED ni nzuri, gereji yangu sasa inang'aa. Somo ni kwamba ukiwa na mzee nyumbani anayebisha jambo bila sababu ya maana, usimzunguke kama nilivyofanya mimi. Kaa naye muulize anaogopa nini. Na wewe mwenye ugonjwa unaouficha ili usionekane dhaifu, jua kwamba huenda kuna mtu wa damu yako anauhitaji huo ukweli kuliko unavyoihitaji heshima.

Kapimeni macho. Hasa kama kwenu kuna bibi au babu "aliyepofuka uzeeni" na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Baba yangu mzazi mwaka wake wa mwisho alikuwa anajigonga kwenye fremu za milango, sisi tukawa tunamtania kwamba amekunywa. Baba hakuwa mnywaji.

Mwenye uzoefu na presha ya macho, hasa aliyeanza dawa akiwa na umri kama wangu, naomba aandike hapa chini imemwendeaje. Mwenye kunilaumu pia aandike. Nitasoma zote.